Hasheem Thabeet na deni ambalo si lake

*Kwa zaidi ya miaka 15, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA amehukumiwa kwa namba moja: nafasi ya pili aliyochaguliwa mwaka 2009. Makala haya yanahoji kama namba hiyo inampima yeye, au inawapima waliomchagua.*

Usiku wa Juni 25, 2009, kwenye Madison Square Garden jijini New York, Kamishna wa NBA David Stern alisogea kwenye kipaza sauti kutaja jina la pili katika drafti ya mwaka huo, ambako klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. La kwanza, Blake Griffin, lilikuwa limekwenda Los Angeles Clippers bila kumshangaza yeyote. La pili lilikuwa la kijana wa miaka 22 kutoka Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21. Hasheem Thabeet alipanda jukwaani na kofia ya Memphis Grizzlies, akapeana mkono na Stern, na Tanzania ikapata mchezaji wake wa kwanza wa NBA. Wakati huo James Harden, Stephen Curry na DeMar DeRozan walikuwa bado wanasubiri kuitwa.

Usiku ule ungeweza kukumbukwa kwa fahari tu. Badala yake umegeuka ushahidi wa mashtaka. Kila drafti inapokaribia, wachambuzi wa Marekani huandaa orodha ya chaguo mbovu kuliko zote katika historia ya ligi, na jina la Thabeet halikosekani. Takwimu zenyewe hazimtetei: misimu mitano, timu nne, mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Harden, aliyechaguliwa nafasi moja tu nyuma yake, alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Curry, aliyeitwa wa saba, ana mataji manne na ameubadilisha mchezo mzima. Ukiziweka namba hizo kando kwa kando, kesi inaonekana imekwisha kabla ya kusikilizwa.

Lakini kesi hiyo imefunguliwa dhidi ya mtu asiyehusika. Nafasi ya pili ni uamuzi wa klabu, wala si ahadi ya mchezaji. Sokoni anayekosea bei ni mnunuzi, na hakuna anayelilaumu embe. Tukimpima Thabeet kuanzia alikoanzia, badala ya pale Memphis walipomweka, alikwenda mbali mno. Na aliposhindwa, sababu kubwa zilikuwa tatu: aliuanza mchezo akiwa amechelewa, sheria za ligi zilimpokonya silaha aliyoijua, na klabu zilizomnunua hazikuwa na subira ya kumfundisha nyingine.

Miaka saba tu

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987, akaanza kucheza kikapu akikaribia umri wa miaka 15. Watoto wa Marekani aliokuja kushindana nao walikuwa wameshika mpira tangu shule ya msingi, wamepita kwenye ligi za watoto, kambi za kiangazi na mashindano ya vijana ambako makocha hukaa jukwaani na daftari. Yeye alipitia Kenya, akavuka kwenda Marekani, akamalizia sekondari katika shule ya Cypress Community Christian mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Kutoka kuushika mpira kwa mara ya kwanza hadi kuitwa na Stern ilikuwa takriban miaka saba.

Ndani ya hiyo miaka saba, mitatu aliyokaa Connecticut inatosha kuvunja dhana kwamba alikuwa mrefu tu. Mwaka wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2 na ribaundi 6.4. Mwaka wa pili zikapanda hadi 10.5 na 7.9. Mwaka wa tatu akafikia pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, iliyokuwa miongoni mwa ligi ngumu kabisa za vyuo. Mwaka 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na Connecticut ikafika nusu fainali ya taifa. Aliondoka chuoni na bloku 417; mchezaji mmoja tu katika historia ya chuo hicho, Emeka Okafor, alikuwa na nyingi zaidi. Asiyejifunza hapandi namna hiyo mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo, dalili za alichokosa zilikuwa wazi. Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut wakiwa namba moja kwa ubora nchini waliipokea Pittsburgh mjini Hartford. Blair, mfupi kwa zaidi ya sentimita 20 lakini mzito na mwenye nyonga pana, alimsukuma, akamzidi nafasi chini ya kikapu, na mara moja akambeba mgongoni na kumwangusha sakafuni katika kugombea mpira. Pittsburgh ilishinda 76-68. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi tano na ribaundi nne. Kila skauti wa NBA aliiona mechi ile. Ilikuwa imewaonyesha kwamba Mtanzania huyu alikuwa bado hajapata nguvu ya miguu wala ujanja wa kusimama, mambo yanayojengwa kwa miaka mingi ya kusukumana na wakubwa wenzako.

*"Nafasi ya pili ni uamuzi wa klabu, wala si ahadi ya mchezaji."*

Sheria ya sekunde tatu

Sababu ya pili haizungumzwi sana, ingawa ndiyo ya kiufundi kuliko zote. Kikapu cha vyuo na kikapu cha NBA havitofautiani kwa ubora wa wachezaji tu, vinatofautiana kwa sheria. Chuoni, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wowote anaotaka. Thabeet alikaa hapo na mikono juu, na timu pinzani zikajifunza kuliogopa eneo lote la rangi. Wenzake wa pembeni walijua kwamba hata wakipitwa, nyuma yao yupo.

NBA iliipiga marufuku staili hiyo kuanzia msimu wa 2001-02. Mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kubaki kwenye eneo la rangi zaidi ya sekunde tatu. Akizidisha, timu pinzani hupewa mtupo huru na kurudishiwa mpira. Maana yake ni kwamba mrefu lazima atoke, arudi, atoke tena, huku akihesabu kichwani na kumfuatilia mtu wake. Juu ya hapo, timu za NBA humvuta senta hadi mbali na kikapu kwa mchezo wa kuweka kizuizi na kukimbilia ndani, halafu mchezaji mwepesi anamshambulia akiwa wazi. Kazi hiyo inataka miguu myepesi na uamuzi wa haraka. Silaha iliyompeleka Thabeet hadi nafasi ya pili ilikuwa kusimama mahali ambapo ligi mpya ilimkataza kusimama.

Na mchezo wenyewe ulikuwa unahama. Katika miaka iliyofuata, mitupo ya pointi tatu iliongezeka mwaka hadi mwaka, na aliyeisukuma mbele kuliko wote ni yuleyule Curry wa namba saba. Senta asiyeweza kumkaba mtu mita saba kutoka kwenye kikapu akaanza kuonekana mzigo. Memphis walichagua mchezaji wa enzi iliyokuwa inafunga milango, na wakamchagua usiku uleule ambao mtu wa kuifunga aliketi ukumbini.

Dakika 13

Sababu ya tatu ni subira. Memphis walipomchukua Thabeet tayari walikuwa na senta, Marc Gasol, Mhispania mwenye miaka 24 aliyekuwa anaimarika kila mwezi. Wiki chache baada ya drafti wakamleta pia Zach Randolph, mmoja wa wapambanaji wakubwa wa eneo la ndani. Nafasi ya kijana anayejifunza ilikuwa wapi? Takwimu za msimu wake wa kwanza zinajibu: dakika 13 kwa mechi.

Tuzitazame dakika hizo kwa karibu. Katika dakika 13 Thabeet alipata wastani wa bloku 1.3, yaani bloku moja kila dakika 10. Dikembe Mutombo wa Kongo, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa walinzi bora wa kikapu waliowahi kuishi, katika msimu wake wa kwanza na Denver Nuggets alipata bloku tatu kwa takriban dakika 38, yaani moja kila dakika 13 hivi. Hesabu hii haimfanyi Thabeet kuwa Mutombo. Faulo zilimwandama, na dakika chache humruhusu mchezaji kujitupa bila kuhofia uchovu. Lakini inaonyesha kwamba kipaji kilichonunuliwa kilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kukikomaza.

Februari 2010, kabla msimu wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka Dakota Wizards katika ligi ndogo ya D-League. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho akapelekwa huko. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, aliuzwa Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll na haki ya chaguo la drafti, na Memphis wakampata Shane Battier. Miezi miwili baadaye Battier alifunga mtupo wa pointi tatu ulioamua mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio Spurs, na Memphis, waliokuwa wa nane, wakawatoa Spurs waliokuwa wa kwanza. Hata katika kuondoka kwake, Thabeet aliilipa klabu hiyo sehemu ya gharama yake.

Linganisha na wenzake wa drafti ileile. Griffin aliumia na kukosa msimu wote wa kwanza, Clippers walisubiri. Harden alitumia misimu mitatu Oklahoma City akitokea benchi, alipewa muda. Curry alisumbuliwa na kifundo cha mguu hadi akacheza mechi 26 tu msimu wa 2011-12, na bado Golden State wakampa mkataba mpya. Subira ni rasilimali kama nyingine, nayo hugawiwa kwa upendeleo. Houston walimchezesha Thabeet mara chache sana, Portland wakamchukua mwaka 2012 kwa miezi michache, na mahali pekee alipotulia ni Oklahoma City Thunder. Huko, msimu wa 2012-13, alicheza mechi 66 kama senta wa akiba katika timu iliyoshinda mechi 60 na kuongoza kanda ya Magharibi. Hiyo ni kazi halali, ambayo mamia ya wachezaji waliokulia katika mfumo wa Marekani hawajawahi kuipata.

Mbona Olajuwon aliweza?

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Afrika kwenyewe. Hakeem Olajuwon wa Lagos alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono, akaanza kikapu akikaribia umri uleule wa Thabeet, akawa chaguo la kwanza la drafti ya 1984, bingwa mara mbili na kiongozi wa bloku wa wakati wote. Mutombo alikwenda Georgetown akitaka kuwa daktari, akaishia kuwa mlinzi bora wa NBA mara nne. Joel Embiid wa Yaoundé naye alichelewa kuanza, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Kama kuchelewa ni kilema, hawa watatu walikiruka vipi?

Jibu limo katika kilichowazunguka. Olajuwon alipofika Houston alitumia majira ya kiangazi akipambana na Moses Malone, senta bora wa wakati ule, katika ukumbi wa mazoezi wa mtaani. Mutombo aliangukia mikononi mwa kocha John Thompson, ambaye mwenyewe alikuwa senta, na kila siku mazoezini alikutana na Alonzo Mourning. Embiid, baada ya kuchaguliwa wa tatu mwaka 2014, alikaa misimu miwili mizima bila kucheza mechi hata moja kwa sababu ya upasuaji wa mguu, na Philadelphia haikumtupa. Wote watatu walikuwa na vipaji vikubwa kuliko cha Thabeet, na hilo halina ubishi. Lakini vipaji hivyo vilipata mwalimu, mpinzani wa mazoezi na muda. Mifano hii haisemi kwamba kuchelewa si kitu. Inasema kuchelewa kunalipika, na inataja bei yake.

Pingamizi la pili ni la tabia. Tangu Memphis, wapo waliodai Thabeet hakujituma, kwamba pesa za mkataba wa kwanza zilimlegeza, na nyumbani methali ya mgema aliyesifiwa haikukawia kutumika. Si haki kulipuuza kabisa, kwa kuwa mchezaji wa kulipwa ana wajibu kwa mwili na kazi yake, na wapo waliopata nafasi finyu kuliko yake wakaitumia vizuri zaidi. Lakini tuhuma hiyo inapaswa kueleza yaliyofuata. Baada ya NBA kufunga mlango, Thabeet alirudi ligi ndogo na Grand Rapids Drive, akaenda Japani kuichezea Yokohama B-Corsairs, akarudi tena Marekani na Fort Wayne Mad Ants akiwa na zaidi ya miaka 30, kisha akacheza Taiwan. Mvivu aliyekwisha kulipwa hapandi ndege kwenda kuanza upya katika viwanja visivyoonyeshwa kwenye televisheni za dunia.

*"Kuchelewa kunalipika, lakini kuna bei: mwalimu, mpinzani wa mazoezi na muda."*

Wa pili yuko wapi?

Mjadala wa Marekani unaishia kwenye swali la kama Memphis walikosea. Mjadala wetu unapaswa kuanzia hapo. Kama kijana mmoja wa Dar es Salaam aliweza kupanda hadi nafasi ya pili ndani ya miaka saba, kwa nini hadi leo hakuna Mtanzania mwingine aliyecheza NBA? Urefu haukuisha kwetu mwaka 2009. Kilichokuwa hakipo wakati ule, na ambacho bado ni haba, ni njia ya kumtoa mtoto wa miaka 10 hadi kijana wa miaka 18 ndani ya nchi.

Soka inatupa kipimo. Mbwana Samatta hakurushwa kutoka mtaani hadi Ulaya. Alicheza African Lyon, akaenda Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi ikamchukua mwaka 2011, akafika Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na mwaka 2020 Aston Villa ikamfanya Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya England. Kila ngazi ilimwandaa kwa iliyofuata, na ngazi mbili za mwanzo zilikuwa nyumbani. Thabeet aliruka ngazi zote za nyumbani kwa sababu hazikuwepo za kukanyaga. Atiki Ally Atiki wa Mwanza, aliyefika Chuo Kikuu cha Brigham Young mwaka 2021, naye alilazimika kupitia akademi ya Canada kwanza. Miaka mingi kati yao, na njia ni ileile: ondoka mapema, au usiende kabisa.

Watasema nchi ina mahitaji mengine, na kwamba kikapu ni mchezo ghali unaotaka kumbi na sakafu za mbao. Hoja ya gharama ina uzito, lakini Sudan Kusini imeipunguza. Nchi hiyo changa, iliyotoka vitani, ilicheza Kombe la Dunia la kikapu kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ikamaliza ya juu kuliko timu zote za Afrika na kufuzu Olimpiki ya Paris. Ni kweli kwamba wachezaji wake wengi walikulia ughaibuni. Ila kilichowakusanya hakikuwa kumbi za kifahari, kilikuwa shirikisho lililoongozwa na Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA aliyejua ngazi zilizokosekana na akaanza kuzijenga. Jirani zetu Rwanda nao, tangu 2021, ni miongoni mwa wenyeji wa Ligi ya Kikapu Afrika, BAL, na vijana wa Kigali huwaona wachezaji wa kulipwa bila kuomba viza.

Tanzania ina pa kuanzia. Michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na za sekondari (UMISSETA) hukusanya watoto kutoka kila mkoa, na kikapu tayari kimo katika ratiba ya sekondari. Dar es Salaam ina ligi ya mkoa yenye mashabiki wanaojaza viwanja vya wazi, na klabu zimeanza kutamani mashindano ya Afrika. Kinachohitajika ni vitu vya kawaida kuliko ukumbi mpya: kocha aliyefunzwa katika kila shule yenye kiwanja, ligi ya walio chini ya miaka 14 inayochezwa mwaka mzima badala ya wiki mbili za mashindano, na kumbukumbu za maendeleo ya kila mtoto ili anayepanda kama Thabeet alivyopanda Connecticut aonekane mapema.

Memphis walilipa gharama ya uamuzi wao na kusonga mbele. Mwaka 2013 walifika fainali ya kanda ya Magharibi bila yeye. Thabeet alilipa ya kwake kwa kubeba jina la chaguo bovu katika kila orodha. Upande ambao haujalipa chochote ni huu wetu, uliofurahia picha ya Juni 2009 kana kwamba ilikuwa matunda ya kazi yetu, kisha ukashiriki kumcheka alipoanguka. Deni hilo halilipwi kwa kumtetea mitandaoni. Litalipwa siku Mtanzania wa pili atakapoingia drafti akiwa na miaka 12 ya kikapu nyuma yake, na mingi kati ya hiyo aliyoicheza hapa nyumbani.